Reli na Ziwa: Historia ya Mji wa Kalemie kama Inavyobishaniwa Nakivale

Utangulizi

Mji wa Mbarara haujawahi kufikiwa na garimoshi. Reli ya Uganda ilipoongezwa kutoka Kampala kuelekea magharibi, ilipita kaskazini na kuishia Kasese mwaka 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mbarara ilibaki na barabara yake, na kwa barabara hiyo imekua hadi kupewa hadhi ya jiji mwaka 2020. Kwa hiyo nilipomwambia mhadhiri wangu kwamba nataka kuandika historia ya mji wa reli, alidhani moja kwa moja kuwa ninazungumzia Kasese. Nikamjibu kwamba mji ninaoutaka uko mbali zaidi, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, nchini Kongo. Unaitwa Kalemie. Wakati wa Wabelgiji uliitwa Albertville.

Nina sababu mbili za kuuchagua. Ya kwanza ni kwamba nilizaliwa huko, na niliondoka nikiwa na miaka minane, kwa mashua hadi Uvira, kisha kwa malori. Ya pili ni ugomvi. Jumapili moja katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, nilikaa na wazee wawili wanaotoka Kalemie. Mmoja ni mzee aliyefanya kazi katika karakana ya reli kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwingine ni bibi aliyekuwa akiuza ndakala ndani ya treni, kati ya Kalemie na Kabalo. Niliwauliza swali nililodhani ni jepesi: ni nini kilichoujenga mji wetu? Mzee akajibu, "Bila reli, Kalemie haiko." Bibi akacheka. "Ziwa lilikuwa pale mbele ya reli kuzaliwa," alisema. "Na reli ikilala, ziwa linatulisha."

Hawakukubaliana hadi jua likazama. Insha hii inajaribu kuamua kati yao, kwa kulinganisha maneno yao na mambo yaliyothibitishwa na wanahistoria. Majina yao sitayataja, kwa kuwa ndivyo walivyoomba.

Kabla ya reli

Tukianza na wakati wa kabla ya reli, bibi ana hoja nzito. Kalemie iko karibu na mahali ambapo mto Lukuga unatoka katika Ziwa Tanganyika na kuelekea magharibi, hadi kuungana na Lualaba, yaani Kongo ya juu. Ni mto pekee unaotoa maji katika ziwa hilo. Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwenye mlango wa Lukuga mwaka 1874, na Henry Morton Stanley akapita hapo mwaka 1876. Hao hawakugundua nchi tupu. Waliwakuta wavuvi na wakulima, wakiwemo Waholoholo na Watabwa, na waliwakuta wafanyabiashara waliokwisha zoea kuvuka ziwa kutoka Ujiji.

Misafara hiyo ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka kwa mitumbwi na majahazi hadi ng'ambo, kisha ikaendelea kwa miguu kuelekea Maniema. Ilibeba nguo, shanga na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Ilileta pia lugha. Ndiyo maana si sahihi kusema, kama nilivyofundishwa nikiwa mtoto, kwamba Kiswahili kililetwa Kalemie na reli. Kilikuwa kimefika kwa miguu miaka mingi kabla ya chuma.

Jina la Albertville lilikuja na bunduki nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1891, Kapteni Jules Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, alijenga boma kwenye ufuko huo na kulipa jina la mwanamfalme Albert, mpwa wa Mfalme Leopold II. Boma lilikuwa la kupigana na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji. Katika nchi ambayo Leopold aliiita Dola Huru ya Kongo, vita dhidi ya utumwa vilikuwa pia vita vya kuteka njia za biashara. Aliyeshika kivuko alishika pembe za ndovu.

Hadi hapo, basi, kuna kivuko na kuna boma. Mji bado.

Mnyororo wa mto na chuma

Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli ya Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, ambayo wazee wetu bado wanaitaja kwa herufi zake za Kifaransa, CFL. Nyuma yake alikuwa Baron Édouard Empain, tajiri wa Kibelgiji ambaye kampuni zake zilijenga pia reli ya chini ya ardhi ya Paris. Kampuni ilipewa ardhi kubwa na haki za madini kama malipo ya kujenga reli. Jambo hili ni muhimu kulikumbuka kila tunapoambiwa kwamba reli ilikuwa zawadi. Iliyolipia ni ardhi ya watu ambao hawakuulizwa.

Kazi ya CFL haikuwa kujenga reli moja ndefu. Ilikuwa kuunganisha vipande vya mto. Lualaba hupitika kwa meli katika sehemu fulani, halafu unakatwa na maporomoko. Kwa hiyo reli ilijengwa pale tu ambapo meli ilishindwa. Kipande cha kwanza, cha kilomita 125 hivi, kutoka Stanleyville (sasa Kisangani) hadi Ponthierville (sasa Ubundu), kilimalizika mwaka 1906. Cha pili, cha kilomita 355, kilitoka Kindu hadi Kongolo ili kuyakwepa maporomoko ambayo Wazungu waliyaita Milango ya Jehanamu. Cha tatu kiliuacha mto kabisa: kilitoka Kabalo, kikafuata bonde la Lukuga kwa kilomita 273, kikafika ziwani mwaka 1915.

Tuhesabu safari ya gunia moja la mizigo kutoka Léopoldville (Kinshasa) hadi Dar es Salaam kwa njia hiyo. Meli hadi Stanleyville. Treni hadi Ponthierville. Meli hadi Kindu. Treni hadi Kongolo. Meli hadi Kabalo. Treni hadi Albertville. Meli hadi Kigoma. Treni hadi Dar es Salaam. Gunia lilishushwa na kupakiwa upya mara saba. Kila mara lilipobadilisha chombo, lilipita kwenye mabega ya watu. Na kila mahali palipokuwa na mabega hayo palizaliwa mji. Nilipoliona jambo hili ndipo nilipoanza kuelewa Kalemie. Mji haukutokana na reli yenyewe wala na ziwa lenyewe. Ulitokana na gunia kushindwa kuvuka kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kubebwa.

Mzee aliniambia kwamba baba yake alikuwa akisema treni ya kwanza ilifika "mwaka ya vita ya Wadachi". Hakuwa na tarehe. Nilipoilinganisha kauli hiyo na mwaka 1915, niliona kuwa kumbukumbu ya familia ilikuwa sahihi kabisa.

Vita viliifanya reli kuwa ya haraka

Wajerumani walikuwa wamewatangulia Wabelgiji. Reli yao ya kati kutoka Dar es Salaam, yenye zaidi ya kilomita 1,200, ilifika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita. Mwezi Agosti wa mwaka huohuo, meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune upande wa Lukuga. Ziwa lote likawa mikononi mwa Wajerumani.

Waingereza walijibu kwa mpango unaoonekana kama hadithi, lakini ni wa kweli. Mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, zikavutwa milimani kwa mashine za mvuke na maksai, zikateremka Lualaba hadi Kabalo, na hatimaye zikapakiwa kwenye reli mpya ya CFL hadi ziwani. Chini ya Kamanda Geoffrey Spicer-Simson, ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao kubwa Graf von Götzen walipoiacha Kigoma. Iliibuliwa baadaye na Waingereza na kuitwa Liemba, na wasafiri wa ziwa wa leo wanaijua kwa jina hilo. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora.

Vitabu vingi vinasimulia mashua hizo mbili. Vichache vinakaa na wapagazi. Jeshi la Kongo ya Kibelgiji lilitumia wapagazi zaidi ya laki mbili katika vita vya Afrika Mashariki, na wengi hawakurudi. Bibi alipoisikia habari ya Mimi na Toutou hakushangazwa na mashua kupanda mlima. Aliuliza tu, "Na barabara ya kupitisha hiyo mashua, nani alifyeka?" Ni swali ambalo mwanafunzi wa historia anapaswa kuliuliza kila mara.

Mji wa kupakia na kupakua

Baada ya vita, Ujerumani ilipoteza Tanganyika. Kwa mkataba wa mwaka 1921, Waingereza waliwapa Wabelgiji maeneo yao maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam ili mizigo ya Kongo ipite bila vikwazo. Tangu hapo Albertville ikawa mlango wa mashariki wa koloni. Ilikuwa na bandari, karakana, maghala na nyumba za wafanyakazi wa reli. Baadaye kilijengwa kiwanda cha nguo cha Filtisaf, ambacho wazee wa Kalemie wanakitaja kama watu wa Jinja wanavyokitaja Nytil. Makaa ya mawe yalichimbwa katika bonde la Lukuga, na saruji ilitengenezwa Kabimba, kusini mwa mji, penye ufuko huohuo.

Kama miji mingine ya kikoloni, mji uligawanywa. Wazungu walikaa mlimani, penye upepo. Waafrika walikaa katika mitaa yao, waliyoiita cité. Mzee alikulia huko. Baba yake hakuwa na saa, na hakuihitaji. "King'ora ya ateliye ndiyo ilikuwa saa yetu," alisema. Kiliwaamsha, kiliwapeleka kula, kiliwarudisha. Aliposimulia hivyo, nilisikia fahari na malalamiko katika sentensi moja, na sikuweza kuvitenganisha.

Katika karakana walikutana Waluba, Waholoholo, Wabembe, Watabwa na watu wa Maniema. Lugha yao ya kazi ikawa Kiswahili kilichomeza maneno ya Kifaransa: gare, ateliye, depo, masini. Reli haikukileta Kiswahili, lakini ilikipa kazi ya mshahara, na lugha yenye mshahara hupata wanafunzi haraka.

Maisha ya mji hayakuwa ya wanaume wa karakana peke yao. Bibi alinieleza hesabu yake. Alinunua ndakala mbichi alfajiri kutoka kwa wavuvi waliorudi na taa zao, akawakausha juani, akapanda nao treni hadi Nyunzu au Kabalo. Huko aliuza, akanunua mafuta ya mawese na unga wa muhogo, akarudi. Faida ilitoka kwenye pande zote mbili za safari. Alipokuwa anaeleza, nilitambua kwamba alikuwa anafanya kile kile ambacho CFL ilifanya kwa hisa na mikataba: kuhamisha bidhaa kutoka ziwani hadi mtoni na kurudi. Tofauti ni kwamba yeye alifanya hivyo kwa kikapu, na katika vitabu vya kampuni hayupo.

Kuna badiliko moja la kiufundi ambalo mzee alilisisitiza sana, nami nilidhani ni maringo ya fundi. Mwanzoni reli ya CFL ilikuwa na upana wa mita moja, sawa na reli za Tanganyika, Kenya na Uganda. Katika miaka ya 1950 ilipanuliwa hadi sentimita 106.7, upana wa reli za Katanga na Afrika Kusini, na mwaka 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina. Kwa macho ni tofauti ya sentimita saba tu. Lakini kwa sentimita hizo Albertville iligeuzwa uso. Ilizaliwa ikitazama Kigoma. Sasa ilifungwa kwenye migodi ya Katanga. Siku ambazo Katanga ingeumwa, Kalemie ingelazwa pia.

Reli inapokatwa

Uhuru ulikuja Juni 1960, na Katanga ikajitangaza kujitenga baada ya siku chache. Waluba wa kaskazini walikataa kujitenga huko, na reli ikawa uwanja wa mapigano. Tarehe 8 Novemba 1960, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, ambao kikosi chao kilikuwa Albertville, walishambuliwa Niemba, kwenye njia hiyohiyo ya Kabalo. Kati ya kumi na mmoja, tisa walikufa. Mwezi Juni 1964 waasi wa Simba waliuteka mji. Jason Sendwe, kiongozi wa Waluba wa Katanga na rais wa jimbo la Katanga Kaskazini, aliuawa katika siku hizo. Jeshi la serikali likisaidiwa na mamluki liliurudisha mji mwishoni mwa Agosti.

Katika utawala wa Mobutu jina la Albertville lilifutwa, na mwaka 1974 kampuni za reli ziliunganishwa kuwa shirika moja la taifa. Bei ya shaba ilianguka katika miaka hiyo, na pamoja nayo fedha za kutunza reli. Treni zilizidi kuchelewa, kisha zikawa adimu. Agosti 1998 waasi wa RCD waliokuwa wakiungwa mkono na Rwanda waliiteka Kalemie. Mstari wa mbele wa vita ukapita katikati ya reli: ziwa upande mmoja, Kabalo upande wa pili. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na treni kati yao.

Mimi nilizaliwa katika miaka hiyo. Nilizijua reli kama njia ya kupita kwenda shule, na kama mahali pa kuanikia ndakala. Sikujua kwamba ni kitu kinachotakiwa kutembelewa na garimoshi. Treni zilirudi baadaye, chache na zenye ajali, lakini karakana ya mzee haikurudi kuwa ile aliyoijua. Tangu 2015 Kalemie ni makao makuu ya jimbo jipya la Tanganyika, na tangu mwaka uliofuata vita kati ya Waluba na Watwa vimewafukuza maelfu ya watu vijijini na kuwasukuma mjini. Mji umejaa kuliko wakati wa Wabelgiji, hali treni ni chache. Kama mji ungekuwa mtoto wa reli tu, ungepungua pamoja na mama yake.

Nani alikuwa sahihi?

Bibi ni sahihi kwamba ziwa lilitangulia, na kwamba ndilo lililobaki. Reli ilipokatwa, Kalemie haikufa, kwa sababu wavuvi waliendelea kutoka usiku, na mashua ziliendelea kwenda Kigoma, Uvira na Moba. Lakini fuko nyingi za Tanganyika zina samaki na hazina mji. Hapo mzee ni sahihi: bila gunia kushushwa katika treni na kupakiwa melini, pangebaki kivuko na kijiji.

Jibu langu ni kwamba wote wawili walikuwa wanaeleza jambo moja wakiwa wamesimama pande mbili. Mji wa Kalemie ulijengwa na kazi ya kuhamisha. Wapagazi wa misafara, makuli wa bandari, mafundi wa karakana na wanawake wa ndakala walifanya kazi ya namna moja kwa nyakati tofauti. Reli iliikuza kazi hiyo kwa kiwango ambacho miguu isingeweza, lakini haikuibuni, na ilipoondoka haikuweza kuondoka nayo.

Hili linanifundisha kuitazama Mbarara upya. Usiku malori yanasimama hapa yakitoka Kampala kwenda Kabale na mpaka wa Rwanda, au yakisubiri matoke na maziwa ya kupeleka Kampala. Kuna wapishi, makanika, wachuuzi na mabega. Siku barabara ikihamishwa, au mpaka ukifungwa kama tulivyoona Katuna ikifungwa mwaka 2019, wanaoumia kwanza ni hao.

Hitimisho

Nilirudi Nakivale na rasimu ya insha hii, nikawasomea wazee wote wawili. Bibi alisikiliza sehemu ya kikapu chake na kusema nimesahau chumvi: alikuwa akibeba chumvi pia. Naiongeza hapa. Mzee hakusema kitu kuhusu hitimisho langu. Aliokota vijiwe, akavipanga mchangani mmoja baada ya mwingine kutoka Kalemie hadi Kabalo, na kila kijiwe akakipa jina la stesheni na umbali wake. Niliandika haraka nilivyoweza. Vingine sikuviona katika ramani yoyote niliyonayo.

Nilipomaliza aliniuliza kama nimeandika vyote. Nilimwambia ndiyo. "Soma," akasema, na nikaanza kusoma kutoka ziwani.